Hivi kwanini tangazo la sabuni haliongelei sabuni?

DukaLaKona:

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Nina duka la rejareja hapa Buzuruga Mwanza, mwaka wa sita sasa, duka la kawaida tu, unga, mchele, mafuta ya kupima, sabuni, vocha. Kuna kitu nakiona kila siku na nashindwa kukielewa, naomba wenye uelewa mnisaidie.

Kuna mama jirani anauza mboga, mteja wangu wa miaka. Juzi kaja na buku mkononi anataka sabuni ya unga, ile inayotangazwa sana redioni, pakiti mbili za mia tano mia tano. Nikamwambia mama yangu mbona kuna hii nyingine mia tatu tu, gramu zilezile, na kwangu mimi nyumbani ndo tunafulia hii. Akaipokea, akaigeuza, akainusa kwenye kona ya pakiti, akairudisha pale kaunta taratibu. Akaniambia "Hiyo tumieni nyie mwanangu, mimi Jumamosi nina ugeni wa wakwe."

Sikubisha nikampa alichotaka. Usiku nafunga mahesabu redio iko wazi likapita lile tangazo lenyewe. Mama mkwe kafika kwa mwanae bila taarifa, anaingizwa chumbani, anavuta shuka ananusa, kimya kidogo pale, afu anasema "mwanangu kweli umepata mke". Basi, limeisha. Muda wote ule hakuna aliyesema ile sabuni ina nini ndani, inatoa madoa gani, inatumia maji kiasi gani, hata bei hawakutaja. Nikakaa na kalamu mkononi nikasema huyu mama wa mboga hajanunua sabuni kwangu, kanunua yale maneno ya mama mkwe.

Sasa swali langu wakuu, hawa watu wanajuaje? Nani kawaambia kwamba yule mama anaogopa mkwe kuliko anavyoogopa kupoteza mia nne yake, na mia nne kwake yeye ni mafungu ya mchicha? Na je ni halali au ndo biashara ilivyo?

Kifaru77:

Mkuu hapo hujui kitu tu. Kuna picha na maneno wanaficha ndani ya matangazo, macho hayaoni ila ubongo unaona, ndo maana unajikuta unataka kitu bila sababu. Marekani walishajaribu kwenye ukumbi wa sinema, wakarusha maneno kwa kasi kuliko jicho, watu wakatoka kununua bisi na Coca-Cola kama wamerogwa. Tafuta utaiona.

BintMakame:

Kifaru kaka yangu hiyo habari ya bisi naijua na mwisho wake pia naujua. Aliyeitoa anaitwa James Vicary, mwaka 1957, alidai kwenye sinema moja huko Fort Lee New Jersey bisi zilipanda karibu asilimia 58 na Coca-Cola karibu asilimia 18. Dunia nzima ikatetemeka, watu wakataka sheria zitungwe. Mwaka 1962 mwenyewe akakiri kwamba ilikuwa ujanja tu wa kibiashara na data ya maana hakuwa nayo. Sasa miaka zaidi ya sitini mtu amekiri na bado sisi tunaisambaza, mie huwa inaniuma kwasababu tukikimbilia vya kufichwa tunaacha kuangalia vilivyo wazi. Lile tangazo la shuka halijaficha kitu. Mama mkwe yuko pale mbele kabisa, kila mtu anamsikia, na linafanya kazi hivyohivyo.

KopiRaita_wa_Zamani:

Mkuu DukaLaKona nakujibu kama mtu aliyekula mkate wa kazi hiyo, nimeandika matangazo ya redio Dar miaka tisa.

Wanajuaje? Wanauliza. Hakuna uchawi wala freemason. Kabla skripti haijaandikwa kuna watu wa utafiti wanakusanya akina mama nane au kumi, Mbagala, Buguruni, Tandale, wanakaa chumba kimoja na soda na biskuti na bahasha ya nauli, na anakuwepo dada mmoja mpole anayejua kuuliza. Hamuulizi mtu unapenda sabuni gani, hapana. Anauliza mara ya mwisho mgeni alipokuja bila kupiga simu ulikuwa unafanya nini. Hapo watu wanafunguka mpaka unashangaa. Kuna mama mmoja sitamsahau, alisema siku wifi yake alipotokea getini yeye alikimbilia kuanua nguo kwenye kamba kabla hata ya kumkaribisha, kwasababu sare za watoto zilikuwa zimefubaa na hakutaka zionekane. Alisema huku anakunja kitenge chake mapajani, anakikunja anakikunjua. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma naandika. Ile kamba ya nguo ndo ikawa tangazo letu, wifi yumo, sare zimo, klaienti hakubadilisha hata neno. Yule mama alipewa soda na nauli elfu tano na sidhani kama aliwahi kujua kwamba sauti ile redioni ni aibu yake yeye mwenyewe.

Kwenye brifu zetu, yaani karatasi ya maelekezo ya tangazo, kulikuwa na mstari mmoja ambao bosi alikuwa haruki kamwe: anaogopa nini, na mbele ya nani? Ukishajibu hapo sabuni inaingia yenyewe.

Na usidhani ni mambo ya juzi. Listerine ilitengenezwa Marekani 1879 kama dawa ya kuua vijidudu, hata jina limetokana na Joseph Lister daktari wa upasuaji wa Uingereza. Miaka mingi ilikuwa dawa tu ya madaktari. Miaka ya 1920 wenye kampuni wakachukua neno la kidaktari ambalo mtu wa kawaida alikuwa halijui, halitosis, yaani kunuka mdomo, hakuna zaidi, wakalitangaza kama ugonjwa. Kwenye tangazo wanakuwekea msichana mzuri, kasoma, ana tabia njema, harusi za wenzake zote anasimamia yeye ila ya kwake haiji, umri unakwenda, na hakuna rafiki hata mmoja anayethubutu kumwambia kwanini. Angalia hapo. Kunuka mdomo kupo tangu enzi na enzi. Ila ule wasiwasi kwamba unanuka na wanaokupenda wanakuficha, huo waliupanda wao, afu chupa ya kuutibu wakawa wanauza wao. Kidonda kwanza, plasta baadae.

Chuoni wanafundisha ngazi ya mahitaji ya binadamu ya Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani, ya mwaka 1943, unaanza na chakula na maji, unakuja usalama, kupendwa na kuwa na watu wako, heshima, mpaka juu kabisa kutimiza kile ulichonacho ndani yako. Sabuni kihaki inakaa chini kabisa huko, ni usafi. Ila ukiiuza kama usafi utashindana kwa bei na ile ya mia tatu. Ukiiuza kama heshima mbele ya wakwe unachaji mia tano na mteja anakushukuru.

MamaWawili:

Umenikumbusha mbali KopiRaita. Mimi ni nesi kliniki ya mama na mtoto, na hicho ulichosema cha kidonda kwanza mimi nakiona wodini kwa macho yangu.

Mama kajifungua mzaliwa wa kwanza, siku ya pili, maziwa bado hayajashuka vizuri, hajalala, kashonwa, mtoto analia, na pembeni kuna ndugu anasema maziwa yako mepesi mtoto hashibi. Hakuna binadamu dhaifu kuliko huyo kwa wakati huo. Ukimletea hapo kopo la maziwa lenye maneno mazuri atakopa hela alinunue. Na mwili una kanuni yake, titi linatengeneza kadri mtoto anavyonyonya, ukimpa kopo wiki mbili maziwa yako yanapungua kweli, kwahiyo ile hofu iliyokuwa ya uongo inageuka kuwa ya kweli na sasa kopo huwezi kuliacha. Afu hela inaisha, anaanza kupunguza vijiko, maji ya kuchanganyia hayajachemka, tunampokea mtoto ana kuhara na macho yameingia ndani.

Zamani kampuni zilikuwa zinatuma wanawake waliovaa kama manesi kabisa kwenda hospitali za Afrika na Asia kugawa sampo, yaani maziwa ya bure ya kujaribu, kwa wazazi. Unaelewa kwanini nguo ya nesi? Kwasababu mama akiona ile nguo anaamini. Watu walikasirika, Marekani wakaanza kugomea bidhaa za Nestlé, moja ya kampuni za maziwa hayo, mwaka 1977, na Mei 1981 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ukapitisha kanuni za kimataifa, marufuku kuwatangazia wananchi maziwa mbadala, marufuku kuwapa wazazi sampo, na kwenye kopo pasiwe na picha ya mtoto mchanga. DukaLaKona kama unauza maziwa ya kopo ya watoto wachanga kayaangalie, hutaona sura ya mtoto hapo.

Kinachonisumbua siku hizi ni magrupu ya WhatsApp ya akina mama, mtu anaingia kama mama mwenzenu, anawapa pole, anawaambia hata mimi maziwa yaligoma, afu siku ya tatu anataja kopo. Gauni la nesi limebadilika tu.

WaKisumu:

Hamjambo, niko Kisumu, naomba kuongeza ya kwangu ingawa si ya sabuni.

Kakangu mdogo anaendesha boda. Alianza kubet na shilingi hamsini. Ukisikiliza zile adi za kubet huwezi kusikia wakieleza vile odi, zile hesabu za malipo ya beti, zinapigwa, ama ni wangapi wamepoteza jana. Unasikia msee wa mjengo, ama konda, ama mama wa kuuza samaki, mtu kama wewe kabisa na lugha yako kabisa, ameshinda, anapigiwa simu laivu analia, anasema nitajengea mama nyumba. Hilo la mama halikosi. Na hapo ndipo walimshika huyu kijana, kwa sababu nyumba ya mama inavuja kila mvua ikinyesha na yeye ndiye kijana amebaki nyumbani, anaona kila siku sufuria ziko sakafuni zinakinga maji. Hakuwa anatafuta pesa ya raha. Alikuwa anatafuta kuwa mtoto wa maana.

Alipoacha wiki mbili simu ikaanza kuingia meseji. Umepotea, tumekuwekea zawadi yako hapa. Alinionyesha. Hakuna mtu mwingine alikuwa amemtumia meseji ya kumuuliza umepotea wapi, hata mimi sikuwa nimemtumia, na hiyo nimeibeba mpaka leo. Depositi ya pikipiki ilienda yote.

Aprili 2025 bodi ya kamari hapa Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari siku 30, redio, tivi, mabango, mitandao, na walitaja kwamba yanatangazwa hata saa zile watoto wanaskiza. Nawaambia kwa nyumba yetu tulihisi tofauti. Jioni tulikuwa tunaskiza mpira pamoja na hakuna mtu katikati anatuambia mamako anakungoja.

MzeeKijana:

Pole sana WaKisumu, Mungu amtie nguvu dogo.

Ila wakuu mimi naomba nipinge kidogo maana naona tunaelekea kusema kumgusa mtu moyo ni dhambi. Mwaka 2010 kulikuwa na kampeni ya Zinduka, Malaria Haikubaliki, wasanii wameimba, redio zote zinaongelea chandarua. Wangekuja na takwimu za mbu mimi nisingesikiliza. Walinigusa kwa mtoto. Nilikuwa na mtoto wa mwaka na nusu na chandarua cha bure tulipewa nikakifungia kuku, nasema ukweli wangu. Nilisikia nikaona aibu, nikaenda nikakitoa bandani, mke wangu akakifua mara tatu tukakifunga kitandani. Hofu na aibu vilinisaidia, au hapo mnasemaje?

Na wewe DukaLaKona, ukimwambia mteja huu mchele wa Kyela, ukipikwa nyumba ya tatu wanauliza mnapika nini, hujamgusa hisia hapo? Umemtajia wanga?

KopiRaita_wa_Zamani:

MzeeKijana hoja yako ni ya kweli na nimeshinda nayo tangu asubuhi. Kwenye mafunzo ya kazi hakuna aliyetufundisha kutofautisha, mbinu ni ileile moja kwa chandarua na kwa kamari.

Mimi nilikuja kujitengenezea kipimo changu baada ya kuacha. Naangalia kile kitu ukishakinunua ile hofu yako inakwenda wapi. Chandarua kinazuia mbu, ukilala ndani yake mtoto wako hatari yake imepungua kweli, hofu imepata jibu. Mchele wa Kyela unanukia kweli, ukiwa wa kuchakachua mteja atakurudishia kesho asubuhi. Lakini wakwe hawampendi mtu kwa shuka. Yule mama wa mboga Jumamosi ikipita atabaki na wasiwasi wake uleule na wiki ijayo atarudi kununua tena. Kamari ndo kabisa, kila ukilipa nyumba ya mama inazidi kuwa mbali. Mimi matangazo niliyoyaandika nikiyapima hivyo, mengi yanaanguka, na lile la kamba ya nguo ndo la kwanza kuanguka, ingawa ndo lililonipandisha cheo.

BintMakame:

Na sigara usiisahau. Mwaka 1929 Edward Bernays, fundi wa kushawishi umma na mtoto wa dada yake Sigmund Freud yule bingwa wa saikolojia, alikuwa analipwa na kampuni ya tumbaku, wanawake wa Marekani kuvuta hadharani ilikuwa aibu. Siku ya maandamano ya Pasaka New York akapanga wasichana watembee wamewasha sigara na magazeti yakaambiwa hiyo ni mienge ya uhuru. Wanawake walikuwa na kiu ya haki kweli, kiu ya kweli kabisa, haki ya kupiga kura wameipata majuzi tu mwaka 1920. Akaichukua kiu hiyo akaifunga ndani ya karatasi ya tumbaku. Kipimo chako KopiRaita kinapima hofu ila na matumaini pia yapimwe, maana mie naona matumaini ndo yanayotumaliza zaidi.

DukaLaKona:

Wakuu nimesoma zote, nyingine mara mbili. Dada MamaWawili nimeshuka rafuni na tochi kuangalia, kopo moja lina dubu na lingine lina ua tu, mtoto hayupo. Miaka sita nayapanga sikuwahi kujiuliza. WaKisumu kaka pole, mpigie dogo.

Sasa niseme lililonifanya niulize maana la sabuni lilikuwa la kuanzia tu. Mwaka juzi walikuja wasambazaji wa losheni moja wakanipakia rangi duka zima bure, nje mpaka ndani, na mlangoni wakabandika bango kubwa. Msichana mweupe anacheka, chini imeandikwa Ng'aa Uonekane. Nilifurahi sana maana rangi ni hela. Mwanangu wa pili wa kike ana miaka tisa, ndo kakolea kusoma, anasoma kila kitu, mifuko ya sementi, migongo ya daladala. Wiki iliyopita kakaa kwenye ndoo pale mlangoni anasoma lile bango kwa sauti, akalirudia, akaangalia mkono wake, akaniuliza "Baba, kwani mimi sionekani?"

Ni mweusi kama mama yangu mzazi, alivyozaliwa nilimpa jina la bibi yake kwa kufanana. Nilishindwa kumjibu. Nilikuwa napima sukari nikamwaga nje ya mfuko. Na ile losheni inatoka vizuri, kwa wiki naweza kuuza dazeni mbili, siwezi kudanganya.

KopiRaita_wa_Zamani:

Aisee.

Mkuu, huyo mtoto amelisoma tangazo vizuri kuliko sisi wote humu. Neno weupe siku hizi hawaliandiki, wamelikimbia, wanaandika kung'aa, mng'ao, rangi moja. India kulikuwa na krimu ya Fair & Lovely ya kampuni ya Unilever, fair yaani mweupe, ipo sokoni tangu 1975, na moja ya matangazo yake yalikuwa ya baba anasikitika hana mtoto wa kiume wa kumsaidia na binti yake anasikia, binti anapaka, anakuwa mweupe, anapata kazi ya uhudumu wa ndege. Akina mama wa kule walipambana nalo mpaka likaondolewa hewani 2003. Mwaka 2020 dunia ilipochachamaa kuhusu ubaguzi wa rangi wakabadilisha jina ikawa Glow & Lovely, glow yaani kung'aa. Umeona lilipotoka hilo kung'aa la mlangoni kwako.

Halafu soma nyuma ya chupa. Ukikuta haidrokwinoni, ile kemikali ya kuchubua ngozi, au zebaki toa leo, vipodozi vya viambata sumu vimepigwa marufuku hapa kwetu na zebaki inaua figo. Kama haina kiambata chochote kilichopigwa marufuku, basi huenda ni mafuta ya kawaida ya kulainisha ngozi yaliyovalishwa yale maneno, na unaweza kuyauza bila yale maneno.

MamaWawili:

Na mtoto umjibu, usiache wiki ipite. Usimwambie wewe ni mzuri basi, watoto wanajua ukiwa unawanyamazisha. Mwonyeshe picha ya bibi yake kama unayo.

MzeeKijana:

Uliwasainia kitu hao wasambazaji? Kama kuna mkataba usome kwanza wasije wakakudai hela ya rangi. Kama hamkusaini ukuta ni wako.

DukaLaKona:

Hakuna niliposaini, walikuja na ndoo na ngazi wakapaka wakaondoka. Chupa nimezisoma, mbili za aina nyingine kabisa ya krimu zimeandikwa haidrokwinoni, nimezitoa, hasara yake nitajua mwenyewe. Picha ya bibi tunayo moja, ya kitambulisho cha kura, ndogo, tumeiangalia jana wote wawili kwa tochi ya simu na akasema bibi ana paji la uso kama lake.

Bango nimelianza jioni hii kwa maji ya moto. Uso umetoka wote ila maneno ya chini yana gundi kali, yamegoma. Yeye ndo ameshika kitambaa. Kesho tunajaribu mafuta ya taa.